Gesi Chini ya Mashamba ya Pennsylvania

Treni ya kutoka Philadelphia kwenda Pittsburgh hukata jimbo la Pennsylvania kwa zaidi ya saa saba, nami niliichagua kwa sababu hiyo. Ilikuwa Oktoba 2024, kampeni za urais wa Marekani zimepamba moto, na jimbo hili lenye kura 19 za wajumbe wanaomchagua rais liliwaniwa kwa nguvu zote. Mimi ni mzaliwa wa Mtwara. Nilikuwapo mwaka 2013 watu walipopoteza maisha katika vurugu za bomba la gesi ya kwenda Dar es Salaam. Basi nilipowasikia Kamala Harris na Donald Trump wakivutana juu ya gesi kwenye mdahalo wa Septemba 10, nilitaka kufika inakochimbwa.

Tulipopita Middletown, bibi niliyeketi naye alinyoosha kidole upande wa mto Susquehanna. Huko kiko kisiwa cha Three Mile Island, ambako kinu cha nyuklia kiliharibika Machi 28, 1979. Bibi alikuwa mjamzito wakati huo, na gavana aliwashauri wajawazito wa maeneo ya karibu waondoke. Septemba 2024 kampuni ya Constellation ilitangaza kwamba itakiwasha tena kinu kingine cha hapohapo, kilichofungwa 2019, na umeme wake Microsoft itaununua kwa miaka 20. Nilidhani jambo hilo ndilo lingewagawa watu. Gavana Josh Shapiro wa chama cha Democratic ameliunga mkono, na bibi mwenyewe alisema, "Umeme unahitajika," kisha akarudi kwenye ufumaji wake.

Gesi ndiyo iliyowagawa. Pittsburgh nilipokewa na kijana wa Kigoma, raia mpya wa Marekani, ambaye angepiga kura ya urais kwa mara ya kwanza. "Dada, washa redio tu," aliniambia tukiwa njiani kuelekea kaunti ya Washington, ya jimbo hilohilo. Kila baada ya nyimbo chache lilikuja tangazo: Harris atapiga marufuku uchimbaji wa gesi uitwao frakingi, hapana, hatapiga. Mwaka 2019 alisema anaunga mkono marufuku hiyo, na mwaka 2024 akasema hataiweka. Trump naye alidai kwamba Harris akishinda, uchimbaji wa Pennsylvania utakufa siku ya kwanza.

Frakingi ni kuupasua mwamba ulio chini sana kwa maji, mchanga na kemikali vinavyosukumwa kwa shinikizo kubwa. Kisima kimoja hunywa mamilioni ya lita za maji. Kwa njia hiyo Pennsylvania imekuwa ya pili kwa gesi nchini, nyuma ya Texas. Lakini visima vingi viko kwenye ardhi ya watu binafsi, na rais hawezi kuvifunga bila sheria ya Bunge. Hilo matangazo hayakulisema, na lilinikera kila niliposikia redio.

Kwetu gesi ni mali ya taifa. Huku anaweza kuimiliki mkulima. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa alitukaribisha jikoni kwake na kutuonyesha hundi za mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya gesi anayolipwa mwenye nayo, ambao kwa sheria ya jimbo hauwezi kuwa chini ya asilimia 12.5. Hundi za 2022 zilimwezesha kulipa deni la benki na kununua trekta. Za 2024 zilikuwa ndogo, kwa sababu bei ya gesi ilishuka kwa zaidi ya nusu na kampuni hukata gharama za kuisafirisha. Alikuwa anampigia Trump. Alimlaumu Biden kwa kusimamisha, Januari ile, vibali vipya vya kuuza gesi nje.

Ng'ambo ya barabara anaishi mama mwenye watoto wawili. Nyumba ni yake ila gesi iliyo chini si yake. Mwenye shamba wa zamani aliiuza kando. Yeye hupata malori, taa za usiku na kelele. Alikuwa ameusoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh wa 2023, uliokuta kwamba watoto wanaoishi karibu na visima wako katika hatari zaidi ya kupata limfoma, aina ya saratani, na kwamba pumu huzidi karibu navyo. Mwanawe ana pumu.

Sheria inaruhusu kisima futi 500 kutoka nyumbani. Mwaka 2020 jopo la wananchi lililofanya uchunguzi na ofisi ya Shapiro, wakati huo mwanasheria mkuu wa jimbo, lilipendekeza futi 2,500. Nilipofika, Shapiro akiwa gavana, futi zilikuwa zilezile 500.

Trump aliishinda Pennsylvania kwa kura takriban 120,000. Siku hiyohiyo vilipigiwa kura viti vyote 203 vya Baraza la Wawakilishi la jimbo, linalokaa Harrisburg, na umbali huo hubadilishwa huko. Mama yule alikuwa ameshawauliza wagombea wawili wa eneo lake kuhusu futi 2,500. Mmoja alimjibu kwa kumsifu Trump, mwingine kwa kumsifu Harris.