Seva ya nyumbani iligoma kuzima, kisa kilikuwa kwenye diski

Ukiona seva imegoma kuzima, mkono unaenda wenyewe kwenye batani. Unaibonyeza mpaka taa zizimike, unawasha upya, maisha yanaendelea. Kwangu hiyo haikuwa dawa, kwa sababu kilichoizuia kuzima kilikuwa kinaisubiri palepale ikiwaka. Mambo yalianza kueleweka nilipoachana na amri za kuzima nikageukia hifadhi. Kwa hiyo habari hii ni ya kuzima, lakini karibu yote inahusu diski.

Mtambo wenyewe si wa kutisha. Ni kompyuta ya mezani ya mtumba, zile zinazotoka maofisini, ina RAM ya GB 32 na SSD ya GB 500, na inaendesha Proxmox VE, mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu, ndani ya kompyuta moja. Ndani yake kuna mashine pepe ya Windows yenye programu ya hesabu za duka la dada yangu, mashine nyingine ya OpenMediaVault inayotunza picha na filamu za nyumbani kwenye diski ya TB 4, na makontena machache, yaani vyumba vyepesi vya kuendeshea programu: la kuzuia matangazo, la Jellyfin ya kutazamia filamu na la majaribio yangu. Diski ya nje ya USB inapokea nakala rudufu kila usiku. Chini ya meza kuna UPS, betri ya akiba, ya bei ya kawaida, na kwa kuwa niko Dar es Salaam, UPS hiyo haikai bure. Umeme ukikatika, au Luku ikiisha usiku watu wamelala, seva inabaki na dakika chache tu za kujizima kistaarabu.

Ya kwanza kugoma ilikuwa Windows. Niliiagiza izime, muda ukapita, likaja jibu `VM quit/powerdown failed - got timeout`. Ukirudia amri hiyo kabla ile ya kwanza haijaisha, unaambiwa faili la kufuli, `lock-103.conf` (103 ni namba ya mashine hiyo), limeshikwa. Hapo wengi huandika `qm unlock`. Amri hiyo inaondoa alama ya kufuli iliyoandikwa ndani ya mipangilio ya mashine, basi. Faili lililoshikwa na kazi ambayo bado inaendelea hailigusi. Kufuli haikuwa ugonjwa.

Nikauliza hali halisi kwa `qm status 103 --verbose`, na kwenye mstari wa qmpstatus kulikuwa na neno moja: `io-error`. Hilo lilieleza mengi. Mashine pepe ikiandika kwenye diski ikajibiwa kwamba nafasi imekwisha, QEMU, programu inayoiendesha, haiiachi iendelee kuharibu mafaili. Inaisimamisha hapohapo, prosesa zake zikiwa zimetulia. Sasa ombi la kuzima unampelekea nani? Windows haiwezi kusikia wala kuitika. Utasubiri mpaka muda uishe, kisha utailaumu Windows bure.

Amri ya `lvs` ikaonyesha kilichojaa: `data`, ile hifadhi ya LVM-thin ambayo Proxmox huitengeneza inaposakinishwa na kuiita local-lvm, safu ya Data% ikisoma 100.00. Hifadhi ya namna hii inaahidi zaidi ya ilichonacho. Unaweza kuipa kila mashine diski ya GB 120 na jumla ikazidi SSD yenyewe, na hakuna atakayekuzuia, ila LVM itakupa onyo ambalo ni rahisi kulipita. Nafasi halisi inachukuliwa kidogokidogo kadiri mashine zinavyoandika. Siku inapokwisha, kerneli, kiini cha Linux iliyo chini ya Proxmox, inazishikilia data zilizokuwa zinaandikwa kwa sekunde 60 ikitarajia utaongeza nafasi, kisha inaanza kurudisha makosa.

Kuna akiba ambayo watu hawaijui. Kwenye diski inayozidi GB 128, kisakinishi cha Proxmox huacha GB 16 bila kuzigawa, isipokuwa ukikiambia vinginevyo. `vgs` ilinionyesha zipo kwenye safu ya VFree. Nikaandika `lvextend -L +10G pve/data`, kisha `qm resume 103`, Windows ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Dada, aliyekuwa dukani akiingia kwa mbali, alikuwa ameshapiga simu. "Mdogo wangu, mauzo ya leo bado yapo?" Yalikuwepo. Kama ningeibonyeza batani, nisingemjibu kwa ujasiri ule.

Lakini GB 10 ni za kupumulia tu. Nafasi ilikuwa imemezwa na vitu viwili. Kimoja ni snapshoti za zamani (picha za hali ya mashine zilizohifadhiwa), ambazo `qm listsnapshot` huzitaja na `qm delsnapshot` huzifuta. Cha pili kimejificha zaidi: ukifuta faili ndani ya mashine pepe, Windows inajua nafasi iko wazi, lakini LVM chini yake haijui mpaka iambiwe. Kazi hiyo ni ya TRIM, na haipiti kama kisanduku cha Discard hakijatiwa alama kwenye mipangilio ya diski ya mashine hiyo. Ukishakitia alama, usiwashe upya kutoka ndani ya Windows, mabadiliko hayatashika. Zima kabisa kisha washa kutoka Proxmox. Kwenye mashine za Linux niliendesha `fstrim -av` ndani yake, na kwa makontena nilitumia `pct fstrim` kutoka kwa mwenyeji, yaani Proxmox yenyewe. Data% ikashuka mpaka chini ya 60. Nilikuwa nimeanza kutafuta bei ya SSD kubwa zaidi Kariakoo, nikaacha.

Haukupita muda ukurasa wa Proxmox ukanikatalia kuingia, nywila ikiwa ileile. SSH, njia ya kuingia kwa amri, ilikubali. `df -h` ikaonyesha sehemu ya mfumo, ile `/` ambayo kwangu ni karibu GB 94, imejaa kabisa. Mipangilio yote ya Proxmox inaonekana kwenye `/etc/pve`, lakini kiuhalisia ni hifadhidata ndogo iliyo kwenye sehemu hiyohiyo, na ikikosa pa kuandika mambo mengi yanakwama, kuingia kwenye ukurasa kukiwemo.

Cha ajabu, nilipohesabu mafaili kwa `du -xsh /` nilipata GB chache tu. Mafaili makubwa yalikuwa yapi, na yako wapi?

Jibu lilikuwa kwenye diski ya USB. Kwenye fstab, orodha ya diski za kupachika (kuunganisha kwenye folda) seva ikiwaka, imewekewa `nofail`, na ni sahihi, kwa sababu hutaki seva igome kuwaka eti diski ya nje haipo. Ila umeme unaporudi ghafla, diski hiyo inachelewa kuamka. Seva ikawaka bila kuipachika, na folda `/mnt/chelezo` ikabaki folda ya kawaida ndani ya SSD. Usiku kazi ya nakala rudufu ikaja, ikaikuta folda, ikamwaga kila kitu humo. Baadaye diski ilipopachikwa ilifunika mafaili yale kama mkeka uliotandikwa juu ya vumbi: `df` inayahesabu, `du` haiyaoni.

Kuyafunua si kazi. Unatengeneza folda tupu, tuseme `/mnt/chini`, unaandika `mount --bind / /mnt/chini`, kisha unapima `/mnt/chini/mnt/chelezo`. Yote yalikuwa humo. Nikayafuta, nikahakikisha nimefuta ya chini na si ya kwenye diski yenyewe, nikaondoa ule upachikaji wa muda. Ili yasijirudie niliandika `pvesm set chelezo --is_mountpoint yes`. Tangu hapo diski isipopachikwa, Proxmox inaiona hifadhi hiyo kuwa haipo na kazi ya usiku inashindwa kwa kelele, jambo ninaloliona bora mara mia kuliko kufanikiwa mahali pasipo pake. Kwa tahadhari ya ziada, diski ikiwa imechomolewa, niliipa ile folda tupu `chattr +i`, kwa hiyo hata root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, haiwezi kuandika ndani yake.

Diski hiyohiyo ilikuwa inatoa makosa ya kusoma mara mojamoja, nikaogopa imekufa. `smartctl -a`, inayosoma afya ya diski, ikanituliza: namba 5 na 197, zinazohusu sekta mbovu, zote sifuri; iliyokuwa inapanda ni 199, makosa ya mawasiliano njiani. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni waya. Nikaitoa diski kwenye kasha lake la USB, nikaifunga ndani ya kompyuta kwa kebo mpya ya SATA, namba ikaacha kupanda. Haitarudi sifuri kamwe, kwa hiyo usiisubiri ishuke. Angalia tu kama inaongezeka.

Sasa kuzima kwenyewe. Mashine zote zilikuwa zinaitika, hifadhi ina nafasi, lakini seva nzima ukiiambia izime, skrini inabaki na maneno `A stop job is running for` na saa inayohesabu, halafu kimya. Hapa nilikaa sana, na kilichonifungua macho ni `ps axo pid,stat,cmd`. Kulikuwa na michakato yenye herufi D kwenye safu ya STAT. Mchakato ulio katika hali hiyo unasubiri jibu la diski au la mtandao na kwa kawaida hausikii hata `kill -9`. Ilikuwa yote inaelekea `/mnt/pve/nas`.

Hiyo nas ni ile OpenMediaVault. Inaishi ndani ya seva, na seva yenyewe ilikuwa inachukua kutoka kwake, kwa NFS (njia ya kushiriki mafaili mtandaoni), mafaili ya ISO ya kusakinishia mifumo na filamu za Jellyfin. Ukiwa umewasha kila kitu, mpango huo unapendeza. Ukizima, Proxmox inazima mashine pepe kwanza, kama inavyopaswa, na kati yake ni OpenMediaVault. Kisha mwenyeji anataka kuiachia NFS kwa adabu na kumalizia kuandika, lakini wa kumjibu ameshazimwa. NFS kwa kawaida hupachikwa kwa namna ya kujaribu bila kukata tamaa, basi inajaribu. Mduara huo ndio uliokuwa pia ukileta zile alama za kuuliza za kijivu kwenye ukurasa kila nilipowasha upya OpenMediaVault peke yake: pvestatd, anayekusanya hali za mashine, alikuwa amenasa kwenye NFS hiyohiyo.

Ukikwama papo hapo, `umount -f -l /mnt/pve/nas` inaweza kukunasua. Kuna wanaoshauri chaguo la `soft`, linaloifanya NFS ikate tamaa baada ya muda. Kwa kusoma filamu sioni neno, lakini kwa chochote kinachoandikwa silitaki, kwa sababu uandishi unaweza kukatika katikati na programu isijue. Mimi niliuvunja mduara wenyewe. Diski ya TB 4 nikamrudishia mwenyeji moja kwa moja, Jellyfin ikapewa folda yake kwa `pct set 105 -mp0 /mnt/data,mp=/data` bila kupita mtandaoni, ISO zikahamia kwenye SSD, na kazi ya kugawa mafaili kwa simu na televisheni ikachukuliwa na kontena dogo la Samba. OpenMediaVault ni programu nzuri, ila mwenyeji asimtegemee mgeni anayelala ndani ya nyumba yake.

Yaliyobaki yalikuwa hesabu ya muda. Seva inapozimwa, Proxmox huipa kila mashine pepe sekunde 180, na kontena sekunde 60, kabla ya kuikata kwa nguvu. Mpangilio wa kuzima ni kinyume cha ule wa kuwasha, zamu kwa zamu, hivyo mashine mbili sugu zilizo kwenye zamu tofauti zinakula dakika sita za betri. Windows ilikuwa na tatizo la ziada: kwenye mipangilio QEMU Guest Agent, wakala anayepokea maombi ya Proxmox ndani ya mashine, imewashwa, ndani ya Windows haipo. Proxmox ikawa inamtumia ombi wakala asiyekuwepo. Nilimsakinisha kutoka kwenye ISO ya virtio-win, nikahakikisha kwa `qm agent 103 ping`, na sasa Windows inazima ndani ya nusu dakika. Kisha nikaandika `qm set 103 --startup order=3,down=90`, na makontena yote nikayaweka zamu moja yazimike kwa pamoja.

UPS inazungumza na seva kwa USB kupitia NUT, programu ya kusimamia UPS. Sikutaka kungoja betri itangaze imechoka, maana UPS za bei nafuu hazisemi kweli kuhusu betri zao. Nilitumia upssched, kipanga muda chake, ianze kuzima baada ya dakika tatu za kukosa umeme. Kwenye BIOS nimeweka kompyuta iwake yenyewe umeme ukirudi. Hapo kuna mtego mmoja: umeme ukirudi seva ikiwa imeshazima lakini UPS bado ina chaji, kompyuta haijawahi kuona umeme umekatika, kwa hiyo haiwaki. NUT inaweza kuiamuru UPS ikate umeme wake yenyewe mwishoni mwa kuzima, kisha iurudishe wa ukutani ukiwepo. Hakikisha UPS yako inalikubali agizo hilo kabla ya kulitegemea. Njia ya kujaribu ni `upsmon -c fsd`, inayozima kila kitu kana kwamba betri imekwisha kweli. Ifanye mchana, duka likiwa limefungwa, na uwaambie wa nyumbani kabla, la sivyo utawakatia filamu katikati.