Mahali Ambapo Hakuna Anayekujua

Nilizaliwa Tabora, umbali mfupi kutoka stesheni, na kwa hiyo nimekua nikiwatazama watu wakisafiri kabla mimi mwenyewe sijapata safari yoyote ya maana. Treni ya kutoka Dar es Salaam ilipoingia, mabehewa yaligawanywa, mengine yakielekea Mwanza, mengine Mpanda na mengine Kigoma, nasi watoto tulisimama kando ya reli tukikisia kwa kuitazama mizigo nani anakwenda wapi. Wapo waliokuwa wakienda msibani, wapo waliofuata biashara au uhamisho wa kazi, na wapo pia ambao, ukiwauliza, walikujibu kwamba wanakwenda kutembea tu. Jibu hilo la mwisho lilinisumbua kwa miaka mingi. Nauli ni fedha, daraja la tatu ni msongamano, na kulala umeegemea gunia la mtu mwingine hakuna raha. Kwa nini basi mtu akiache kitanda chake?

Wengi husema tunasafiri ili tuone, na methali yetu ya tembea uone nami siikatai. Lakini siku hizi mtu anaweza kuliona Ziwa Tanganyika kwenye simu yake akiwa amelala, na bado anatamani kulifikia. Naamini kinachomvuta, hata kama hajapata kukitaja, ni hamu ya kuwa mgeni: kukaa siku kadhaa mahali ambapo jina la baba yake halimfungulii mlango wowote, ambapo lazima aulize ndipo apate, na ambapo mtoto mdogo anaweza kumzidi maarifa.

Hilo nililijua Ujiji, Desemba 1998. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na baba akanipa ruhusa ya kwenda kumsalimia mama mdogo ambaye aliolewa huko. Nilipanda treni jioni na chupa mbili za asali ya miombo, kwa kuwa mtu wa Tabora haendi kwa watu mikono mitupu. Urambo na Kaliua tulizipita gizani. Mama mmoja aliyeketi karibu nami, ambaye hatukuwa tunafahamiana hata kidogo, aliniambia nimwekee mtoto wake miguuni ili naye apate kunyoosha mgongo, kisha alfajiri akanimegea kiazi kitamu na kunieleza stesheni moja baada ya nyingine kana kwamba mimi ndiye mwanawe mkubwa. Tulipofika Uvinza aliniambia ninunue chumvi. Mahali pale watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi ili kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na alisema kwamba mwenyeji wangu wa Ujiji angeielewa zawadi hiyo upesi kuliko asali. Alisema kweli.

Shuleni nilikuwa nimekariri kwamba kina cha Ziwa Tanganyika kinafika mita 1,470 na kwamba urefu wake unazidi kilomita 670. Takwimu hizo nilizijibu vizuri kwenye mtihani. Niliposimama kwenye mwalo wa wavuvi wa Katonga asubuhi ya pili, nikiiona milima ya Kongo ng'ambo na mitumbwi ikirudi kutoka kwenye uvuvi wa usiku, sikuweza kumwambia mtu yeyote jambo lolote la maana kuhusu maji yale. Wavuvi walizungumza juu ya giza na mbalamwezi. Dagaa hufuata mwanga wa karabai, na mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti tena, kwa hiyo watu hupumzika na kushona nyavu. Mimi nilidhani usiku wenye mwezi ndio unaomfaa mvuvi.

Siku ya tatu mama mdogo alinikabidhi kwa jirani yake, mama aliyekuwa akianika dagaa ufukweni, nikamsaidie. Kazi ilionekana nyepesi. Mnamo saa saba wingu zito lilitanda upande wa Kongo, watu wakaanza kukimbia na makapu, nami, nikitaka kuonekana kijana mwepesi, nilikusanya dagaa wengi kadiri nilivyoweza na kuwarundika chini ya turubai. Mvua ilinyesha kwa muda mrefu. Binti wa yule mama, ambaye hakuwa amefikisha miaka kumi, aliinua turubai, akatia mkono wake ndani ya lile rundo, akauchukua na mkono wangu akautia pale pale. Ndani palikuwa na joto kama la uji unaoanza kupoa. Akanieleza kwa sauti ya chini, wala si ya kunidharau, kwamba dagaa wasiokauka hawarundikwi, kwani hupata joto na kuoza, na kwamba tulipaswa kuwatandaza kwenye mkeka ndani ya banda, hata kama ingebidi tubanane sisi wenyewe. Tulipoteza karibu kapu zima. Mama yake alinitazama, akasema, "Mwanangu, ungeuliza."

Neno hilo limekaa nami hadi leo. Kwetu nilikuwa mwanafunzi anayesifiwa, mtoto wa mtu fulani, na kwa sababu hiyo nilikuwa nimezoea kujibu kuliko kuuliza. Ujiji hakuna aliyekuwa na haja ya sifa zangu. Baada ya siku ile nilianza kuuliza kila kitu: kwa nini samaki aitwaye mgebuka hukaushwa kwa moshi, wazee wa Kiha wanaamkiwaje, tanga hukunjwa vipi. Niliacha salamu yangu ya Kinyamwezi, mwangaluka, nikajifunza kusema mwakeye ya Kiha, na nikagundua kwamba watu hufurahi sana kuulizwa kile wanachokijua.

Nadhani hivi ndivyo safari ilivyowatenda babu zetu pia. Wanyamwezi walijulikana kwa upagazi wa misafara ya pembe za ndovu, kutoka Unyanyembe, huku kwetu Tabora, hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi kwa miguu, na kijana ambaye hakuwa amefika pwani alihesabiwa bado mtoto. Ujira ulikuwapo, bila shaka, lakini ujira peke yake hauelezi kwa nini kufika pwani kuliwekwa mizani moja na utu uzima. Kijana aliondoka akijulikana kwa ukoo wake, akarudi akiwa ameishi kwa adabu yake tu miongoni mwa watu wasioujua.

Na ng'ambo ya mji wa Kigoma, kaskazini, kuna mfano mwingine ninaoupenda. Jane Goodall, Mwingereza aliyekuja kuwachunguza sokwe, aliteremka Gombe tarehe 14 Julai 1960 akiwa na miaka 26 na bila shahada yoyote ya chuo kikuu. Kwa miezi kadhaa sokwe walimkimbia, naye akabaki kuketi mlimani na darubini, mgeni asiyetakiwa, hadi mmoja wao, ambaye alimwita David Greybeard, alipokubali kukaribiwa. Mwaka huo huo alimwona akitumia bua la nyasi kuwavua mchwa kichuguuni. Angekuwa na haraka ya kurudi asingeona lolote. Ndiyo maana nasikitika ninapowaona wageni wakifika kwenye kumbukumbu ya mmisionari Livingstone pale Ujiji, wakipiga picha chini ya mwembe na kuondoka kabla jasho halijawakauka. Wamefika, lakini hawajapewa nafasi ya kukosea wala ya kusahihishwa.

Nasema haya nikijua kwamba si kila aliyelivuka ziwa hili alisafiri kwa kupenda. Nyarugusu, wilayani Kasulu, kuna kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1996, na mtu aliyekimbia risasi hawezi kuambiwa habari za utamu wa ugeni. Ugeni humfaa yule ambaye ana mahali pa kurudi.

Mwanangu wa pili amemaliza kidato cha nne mwaka huu na ameomba kwenda Dar es Salaam, kwa binamu zake. Nimemwambia ataanzia Ujiji. Nilipompigia simu mama mdogo, ambaye sasa miguu inamsumbua, nilimwomba asimfanye mgeni wa kudumu. Alicheka sana, akaniambia kwamba mkeka wa siku mbili za kwanza tayari umeshatandikwa, na kwamba siku ya tatu asubuhi kijana atashuka Katonga na kapu. Yule binti wa jirani siku hizi ana vichanja vyake mwenyewe na anatafuta msaidizi.