Ndege Ipo, Injini Haipo

Kila India inaposaini mkataba wa ndege za kivita, magazeti hukimbilia idadi na bei: Rafale 36, Rafale 26 za majini, Tejas 97. Namba ninayoitafuta mimi ni nyingine: kati ya ndege zilizopo kambini, ngapi zinaweza kuruka leo asubuhi? Hapo ndipo jeshi la India linapobanwa miaka nenda rudi, na kinacholibana zaidi ni injini na vipuri kuliko pesa.

Mfano mbaya kuliko yote ni MiG-29K, ndege za jeshi la majini zilizonunuliwa Urusi: 16 kwa mkataba wa 2004, kisha 29 mwaka 2010. CAG wa India, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, mwenye kazi ileile ya CAG wetu Tanzania, alizikagua na ripoti ikatoka 2016. Aligundua kuwa ndege za kiti kimoja zilikuwa tayari kwa kazi kwa asilimia 15.93 hadi 37.63 tu, na zile za viti viwili kwa asilimia 21.30 hadi 47.14. Injini zake, RD-33MK, ndizo zilizoumiza zaidi. Kati ya 65 zilizokuwa zimepokelewa, 40 ziliondolewa kazini kwa kasoro za usanifu.

Ili kuelewa uzito wa hilo, tazama ndege inavyoruka kutoka kwenye INS Vikramaditya, manowari ya kubebea ndege. Meli hii haina mtambo wa kuirusha ndege kama manowari za Marekani. Magurudumu yanazuiwa, rubani anafungulia injini zote mbili mpaka mwisho, vizuizi vinashuka, ndege inakimbia sitaha fupi na kupanda mwinuko wa nyuzi 14 hivi ulioko mbele ya meli, basi. Nguvu yote ni ya injini zake. Ndege ya nchi kavu yenye njia ya kilomita tatu injini ikisita, rubani anaweza kufunga breki. Hapa mbele yake kuna maji. Kwa hiyo injini yenye shaka ndogo tu inatosha kuiacha ndege chini.

Kutua nako kuna adhabu yake. Rubani hainyanyui pua ili kugusa taratibu kama wa ndege ya abiria. Anaishusha kwa kishindo ndoano ya mkiani ikamate waya. Mshtuko unapanda kwenye miguu ya ndege, unaingia kwenye bodi, viungio vya nyaya na vifaa vya elektroniki, na unajirudia kila safari. Fundi wa ndege za meli anakagua nyufa na viungio vilivyolegea mara nyingi kuliko mwenzake wa nchi kavu, na stoo yake inamaliza vipuri haraka zaidi. Ukinunua idadi ileile ya vipuri kwa ndege zote mbili, hesabu imekosewa tangu siku ya kusaini.

Vikramaditya yenyewe ilianza maisha ikiwa meli ya Kisovyeti, ikaja kuitwa Admiral Gorshkov. Mkataba wa 2004 uliweka dola milioni 974 za ukarabati na kuikabidhi 2008. Iliishia dola bilioni 2.35, ikakabidhiwa Novemba 2013. Bei ya kukarabati meli kuukuu haijulikani mpaka uifungue, na ukishaifungua huwezi tena kubadili fundi. Mwenye karakana analijua hilo vizuri anaporudi mezani kuomba nyongeza.

Kisha yakaja ya boila. Meli ina boila nane za mvuke, na ndani ya kila boila ukuta wa chuma hukingwa na moto kwa matofali maalumu. Usanifu wa zamani ulitegemea asbesto katika kinga hiyo. India iliikataa kwa sababu za afya, uamuzi ambao naona ulikuwa sahihi, yakatumika matofali peke yake. Kwenye majaribio ya Septemba 2012, meli ilipotakiwa kwenda kwa nguvu zote, kinga ikashindwa na boila saba kati ya nane zikaharibika. Makabidhiano yakasogea karibu mwaka mzima. Ukibadilisha malighafi moja kwenye mtambo wa moto, fanya majaribio kwenye boila moja nchi kavu, kwa nguvu kamili na kwa saa nyingi, kabla ya kufunga zote nane.

Jeshi la anga lilikumbana na ugonjwa wa aina yake kwenye Su-30MKI, ndege ya kivita yenye asili ya Urusi. Katika hitilafu 69 za injini ya AL-31FP zilizochunguzwa, 33 zilitokana na beringi mbovu, taarifa aliyoitoa Waziri wa Ulinzi Manohar Parrikar mwaka 2015. Beringi ikianza kusagika, chembe za chuma huingia kwenye oili, na oili hiyohiyo inazunguka kwenye beringi nyingine. Dawa ya muda ilikuwa kupima oili kila baada ya saa 25 za kuruka badala ya 50. Inasaidia kugundua mapema, lakini inaongeza saa za ndege kukaa karakana, na ikigundulika, injini inatoka. Mwaka huohuo CAG alikuta Su-30 zilizo tayari ni asilimia 55 hadi 60, wakati lengo ni 75.

Kipuri kisipofika, fundi ananyofoa cha ndege ya jirani. Kazi ya kutoa na kufunga inakuwa mara mbili, viungio vinachakaa, na ndege iliyonyofolewa inakuwa stoo polepole. Kwa Jaguar, ndege za zamani za mashambulizi ambazo India imebaki nazo peke yake duniani, jambo hili limefanywa kwa mpango: Ufaransa ilitoa bodi 31 za ndege zilizostaafu, na Oman nayo ikatoa za kwake pamoja na injini na vipuri. Kwa ndege ambayo haitengenezwi tena popote, ni busara.

Kuna pia vipuri vinavyofungwa na siasa. Wakazi wa Dar es Salaam walioiona INS Chennai bandarini Aprili 2025, ilipokuja kwa AIKEYME, mazoezi ya majini ya India na nchi za Afrika, waliona meli inayosukumwa na tabaini za gesi za Ukraine. Tabaini za kampuni hiyohiyo, Zorya-Mashproekt ya Mykolaiv, zilihitajika kwa frigeti mbili ambazo India iliagiza zijengwe Kaliningrad, Urusi. Baada ya 2014 Ukraine ilikataa kuiuzia Urusi, hivyo India ikazinunua yenyewe na kuzipeleka kwenye karakana ya Warusi. INS Tushil iliingia kazini Desemba 2024. Ukarabati mkubwa wa tabaini hizo utakapofika, utafanyika wapi? Hilo lilitakiwa kujibiwa kabla ya meli kushushwa majini.

Nyambizi nazo zina yao. INS Kalvari iliingia kazini Desemba 2017 bila topido nzito iliyokusudiwa, kwani ununuzi wa Black Shark 98 ulifutwa 2016 kufuatia kashfa ya rushwa ya helikopta iliyoihusu kampuni mama ya mtengenezaji wa topido hizo. INS Sindhukirti iliingia matengenezo Visakhapatnam 2006 na kumalizika 2015.

Kilichonipa moyo ni mkataba wa Rafale wa 2016, uliombana muuzaji ahakikishe asilimia 75 ya ndege ziko tayari kwa miaka mitano. Kipengele hicho kingewekwa kwenye MiG-29K, injini 40 zingekuwa mzigo wa kiwanda. Rafale M 26, zilizosainiwa Aprili 2025, zina matengenezo ndani ya mkataba pia, ingawa mabawa yake hayakunjiki kama ya MiG-29K, kwa hiyo nafasi ndani ya meli itakuwa finyu.

Tejas Mk1A, ndege inayoundwa India yenyewe, bado ni kitendawili. Ndege 83 ziliagizwa Februari 2021, injini 99 za F404 zikaagizwa General Electric Agosti mwaka huo, na ya kwanza ikafika Machi 2025 kwa sababu njia ya uzalishaji ilikuwa imefungwa na ilibidi ifufuliwe pamoja na wauzaji wake wa vipuri. Ndege ya kwanza iliruka Machi 2024 kwa injini ya akiba. Nikitaka kujua Tejas zitafika lini, nahesabu injini zinazotua Bengaluru kila mwezi, bodi zinasubiri.