Taa ya presha ilinizungusha wiki nzima

Aisee hii taa ya presha ya tairi ilinichosha. Kila nikiwasha gari inawaka na kuzima kama dakika moja hivi halafu inabaki imewaka tu, na mi kama mjinga najaza upepo kila asubuhi, kumbe ikianza kwa kublinki maana yake mfumo wenyewe una shida, sio tairi. Ingekuwa upepo pungufu ingewaka moja kwa moja.

Nikataka kununua sensa nne mpya, vile vidude vya ndani ya tairi vinavyopima presha na kuituma kwa redio, fikiria. Ila nikajiuliza, betri zake zote nne zife siku moja? Zinakaa miaka 5 hadi 10 lakini haziagani kufa pamoja. Nikaazima kifaa cha kusoma sensa, nikazunguka tairi moja moja, zote zinajibu vizuri, zinatoa presha na namba zake za utambulisho. Lakini kwenye skana kompyuta ya gari haipati hata moja. Basi anayeumwa ni risiva, kile kifaa cha kwenye gari kinachopokea mawimbi ya sensa.

Usikimbilie kuibadilisha lakini, angalia fyuzi kwanza, pima kama umeme na athi vinafika kwenye plagi yake. Yangu umeme ulikuwepo ila ndani imeota kutu ya kijani, maji yaliingia.

Kununua nako uwe makini, kuna risiva za masafa ya megahezi 315 na za 433, ukichanganya na sensa zako haitasikia kitu. Baada ya kufunga lazima uingize namba za sensa upya, mi nilisahau, taa ikawaka tena nikakaribia kulia.