Sheria za kubuni lazima zifanane na za kweli

Ukitaka kupima algoridhimu ya kuainisha paketi (yaani kuangalia kila kifurushi cha data kinachopita mtandaoni kinalingana na sheria gani) unahitaji sheria nyingi, na za kweli hupati kirahisi maana ni nadra mwenye mtandao kukupa sheria za faiawoli yake (ukuta unaochuja paketi), hizo ni siri za usalama. Kwa hiyo watu wanazitengeneza wenyewe, na hapo ndo wengi wanaharibu: wanachukua anwani ya IP ya chanzo, ya mwisho (paketi inakokwenda), poti mbili na protokoli, kila kitu wanajaza namba za bahati nasibu basi. Sheria za hivyo karibu hazigongani kabisa, yaani ni nadra paketi moja kulingana na sheria zaidi ya moja, algoridhimu inaonekana inapaa, ukiileta kwenye kazi halisi inakwama.

Sheria halisi zina tabia zake bana. Angalia poti tu: mara nyingi utakuta poti moja kamili kama 80, au poti yoyote ile, au 1024 mpaka 65535. Hiyo ya 1024 mpaka 65535 ukiiweka kwenye TCAM (chipu ya kumbukumbu inayolinganisha paketi na sheria zote kwa mpigo) inavunjika kuwa prefiksi 6 (mafungu ya namba zinazoanza na biti zilezile), na ikiwa iko kwenye poti ya chanzo na ya mwisho pia unapata mistari 36 kwa sheria moja tu! Namba za bahati nasibu hazikuonyeshi picha hiyo.

Ndo maana naipenda sana ClassBench, programu ya kutengeneza sheria za majaribio ya watafiti Taylor na Turner, yenyewe inasoma takwimu za sheria halisi kisha inazalisha mpya zenye umbo lilelile, na inakutengenezea hata vichwa vya paketi vya kujaribia.