Mwenye Nyumba Hanioni

Kabla sijatoka Dar es Salaam nilijiwekea sharti: kila siku nitakayokaa Lamu nibakize picha moja tu, na niiandikie ubeti mmoja. Sharti la mtu asiyeijua Lamu. Siku ya kwanza nilirudi chumbani na picha mia mbili na kumi, karibu zote za milango, na ubeti hata nusu sina.

Njia yenyewe sitaisimulia sana. Basi liliondoka Mombasa alfajiri, likapita Malindi, likavuka Mto Tana pale Garsen, likaambaa na Witu. Kipande hicho kina vizuizi vya polisi: mnashuka, mnapanga foleni, kila mtu na kitambulisho chake. Pasi yangu ya Tanzania ilisomwa ukurasa kwa ukurasa kama barua ya posa. Barabara ikaishia Mokowe, na kutoka hapo ni maji. Nilitaka sana livuke jahazi, lenye tanga lililojaa upepo, kama nilivyoliona kichwani miaka yote. Ikavuka boti ya mashine, abiria tumevishwa majaketi ya rangi ya chungwa, na mbele yangu mtu kapakata feni mpya kwenye boksi lake.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na nadhani tangu hapo hakuna mlango uliobaki haujapigwa picha. Nilijua hivyo, na bado nikapiga. Unapita Usita wa Mui, hiyo njia kuu inayokwenda sambamba na pwani mstari mmoja nyuma yake, halafu unakata kushoto au kulia, na papo hapo kuta zinakusogelea. Vichochoro vingine ukikutana na punda aliyebeba mawe, mmoja wenu lazima ajibanze ukutani, na punda hajibanzi. Kwa mpiga picha ni kazi. Huna pa kurudi nyuma, lenzi yako ndefu ni mzigo tu, na jua la adhuhuri huteremka chini ya kichochoro kama utepe mwembamba; ukichelewa kufungua kifuniko limeshapanda ukuta wa pili.

Tena kuna huu udanganyifu wa chokaa. Kamera hupimia mwanga kwa kudhani kuwa mbele yake kuna rangi ya kijivu, basi ukiielekeza kwenye ukuta mweupe itautia giza mpaka ufanane na majivu. Lazima uiongezee mwanga kwa mkono, kinyume na inavyotaka yenyewe. Nusu ya picha zangu za siku ya kwanza Lamu ilitoka ya kijivu, mji uliopakwa chokaa ukaonekana umepakwa saruji. Nusu nyingine nilizikata mwenyewe: nyaya za umeme nje ya fremu, boksi la mita nje, ndoo ya plastiki nikaisogeza kwa mguu. Ngome pale Mkunguni, iliyokamilika mwaka 1821 na kutumiwa kama jela hadi 1984, niliipa picha tatu. Shela, kijiji jirani cha pwani, nilikwenda kwa miguu, mchanga mzuri, na kila mtu anazo picha zake.

Siku ya pili nikarudi kwenye mlango mmoja wa mtaa wa Mkomani. Mfaa wake, ule mti wa katikati unaokutanisha mbao mbili, ulikuwa umechongwa maua yaliyofuatana toka juu hadi chini, lakini kwenye kimo cha kiuno maua yalikuwa yamesuguliwa yakawa laini, kama sabuni iliyotumika. Ni mikono hiyo. Watu wangapi wamesukuma hapo mpaka ua likafutika? Nikapiga nimesimama, nikapiga nimechuchumaa. Kisha nikaketi barazani, ndani ya daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, kwenye kivuli, nikaanza kuutafuta ubeti kwa sauti ya chini huku nikihesabu mizani, yaani silabi, nane kwa kila kipande cha mshororo.

Mlango ukafunguka mgongoni mwangu.

"Ndoo ndani, mwanangu. Yuwa kali."

Njoo ndani, jua kali, kwa Kiamu, lahaja ya Lamu. Alikuwa bibi mfupi, mtandio kichwani, miwani imefungwa uzi nyuma. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba kisha akaniongeza salaam aleikum, kama anayenirekebisha kwa upole. Nikapita daka, nikakata kona. Nyumba hizi hazikuruhusu uone ndani kutoka njiani, lazima ugeuke kwanza. Tukatokea uani penye mwanga. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka mbali zaidi ya urefu wake. Nilikuwa nikijua hayo. Sikujua kuwa ukikaa ndani ya chumba hicho unakuwa karibu na kila mtu aliyemo, utake usitake.

Kwenye ukuta wa mwisho kulikuwa na vidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu, safu tatu. Moyo ukanidunda. Tangu nisome Al-Inkishafi chuoni, ule utenzi unaoyalilia majumba ya Pate, nimekuwa nikivitazamia vidaka vilivyowekwa sahani za watu wa kale, kisha wakalala ndege humo. Nikamwambia. Akacheka.

"Hiyo ni Pate. Hapa twaishi."

Kwenye vidaka vyake kulikuwa na saa ya mezani, chupa ya chai, Msahafu uliofunikwa kitambaa, rimoti, dawa za presha, na sahani moja ya buluu yenye ufa. Nikaomba ruhusa ya kupiga. "Ukuta piga. Mimi usinipige." Nikapiga, na kwa mara ya kwanza safari nzima sikusogeza kitu, hata rimoti.

Kahawa ikaja. Akauliza, "Na pale nde ulikuwa ukisoma nini?"

Niliona haya. Mamaye, aliniambia, hakujua kuandika jina lake, lakini alikuwa nao kichwani wote, ule utenzi Mwana Kupona aliomwachia bintiye mwaka 1858. Wewe unasomaje ubeti wako mbele ya mtoto wa mtu kama huyo? Nikausoma.

Nimeshuka jahazini, jua likiwaka moto,
Nimepita mitaani, kwa punda na kwa watoto,
Kamera iko mkononi, nikiyakodoa macho,
Kila mlango ni kimya, mwenye nyumba hanioni.

"Soma tena, pole pole." Nikasoma, naye akawa anakunja vidole, vinne vya mkono huu na vinne vya huu, gumba haliguswi. Mshororo wa kwanza vidole vikatosha. Wa pili vikatosha. Wa tatu, nilipofika "mkononi" vidole vyote nane vilikuwa vimekwisha kukunjwa, na ile "ni" ya mwisho ikabaki haina kidole.

"Mmoja hana mahali pa kukaa."

Nikatoa "iko", nikaweka "i". Kamera i mkononi. Vidole vikaenea.

"Na macho?"

Hapo nilijua. Moto, watoto, halafu macho. Kina kimevunjika, na usiku kucha nilikuwa nimejifanya sikioni. Nikamwambia sikupata neno.

"Neno unalo. Hapa ni Amu. Sema mato."

Moto, watoto, mato. Nilikuwa nimetoka Dar kuja kutafuta kina ambacho watu wa hapa wanakitumia kupangusia miwani. Nilicheka peke yangu, yeye hakuona cha kuchekesha.

"Ulikuya na jahazi?"

"Hapana, bibi. Boti ya mashine."

"Basi?"

Tukahangaika na mshororo huo kikombe kizima. Nikashukia gatini: vidole nane, kweli tupu. Feni kwenye boksi haikupata nafasi, nami ilinisikitisha kidogo.

Nilidhani tumemaliza. Akanyamaza, akamimina kahawa nyingine, kisha akasema mshororo wa mwisho mizani yake ni kamili lakini maneno si ya kweli. Mwenye nyumba nani asiyeona? Alikuwa ameniona tangu yana. Nimeupiga mlango wake mara tano, ya tatu nilichuchumaa nikaangusha kifuniko cha lenzi, kikabingirika, mtoto wa jirani akanirudishia, na sikumwambia ahsante.

Sikumbuki mtoto yeyote. Lakini kifuniko kilikuwa na mkwaruzo mpya.

Niliuandika mshororo hapo hapo, kalamu yake, nyuma ya risiti yangu ya basi: Kila mlango ni kimya, mwenyewe yu dirishani. Akahesabu. Hakusema kitu, akafunga tu kifuniko cha chupa ya chai.

Nilipotoka utepe wa jua ulikuwa umeshapanda hadi ghorofani. Dirisha la juu, ambalo siku mbili nzima nilikuwa nimelikata nje ya fremu kwa sababu ya waya unaopita mbele yake, lilikuwa na ubao mmoja ulioachwa wazi kiasi cha vidole viwili. Nyuma yake giza. Nikainua kamera, nikaongeza mwanga kwa ajili ya chokaa, waya nikauacha, nikapiga.

"Ya sita hiyo," ikasema sauti kutoka juu.