Siku moja nikipima vimeng'enya vya ini la samaki wa Antaktika

Saa 2 asubuhi. Nasoma kwanza kipimajoto cha tangi. Trematomus bernacchii, samaki ninayempima, huishi kwenye maji ya takriban nyuzi −1.9, na mwaka 1967 watafiti Somero na DeVries walionyesha kwamba maji yakifika nyuzi 6 hivi, hufa. Tangi likipanda, hakuna kupasua samaki siku hiyo.

Saa 3. Samaki anatiwa dawa ya usingizi, anauawa, anapasuliwa juu ya barafu. Hatari kubwa hapa ni kifuko cha nyongo. Kikipasuka, chumvi za nyongo huyeyusha tando za seli ambamo CYP1A imejishikiza, na ini hilo halifai tena; CYP1A ndiyo kimeng'enya ninachopima, kinachochakata sumu na kuongezeka maji yakichafuka. Kwa hiyo naivuta nyongo kwa sindano kwanza, tena naihifadhi, kwa sababu ndimo yanamojikusanya mabaki ya sumu za mafuta ya petroli ambazo ini limeshazichakata. Kisha ini naliosha kwa KCl (kloridi ya potasiamu) baridi ya 0.15 M hadi damu iishe. Himoglobini ikibaki huvuruga usomaji wa sitokromu P450, yaani kundi la vimeng'enya ambamo CYP1A imo. Vipande vya akiba vinaingia kwenye naitrojeni ya kimiminika, halafu nyuzi −80. Friza ya kawaida ya −20 haitoshi.

Saa 5. Gramu 1 ya ini, mililita 4 za bafa (kimiminika kisichobadilisha pH) ya pH 7.4, kusaga taratibu chombo kikiwa kwenye barafu. Sentrifuji dakika 20 kwa 10,000 × g (mara 10,000 ya mvutano wa dunia), nyuzi 4. Juu huelea utando mweupe wa mafuta. Nauondoa wote kwa pipeti kabla sijagusa maji ya chini yake.

Saa 6 mchana. Maji hayo yanarudi kwenye sentrifuji, dakika 60 kwa 100,000 × g. Mikrosomu, yaani vipande vidogo vya tando za seli vyenye CYP1A, hutuama chini ya mrija, na chini yake kabisa huwa kuna glikojeni, angavu kama jeli. Hiyo naiacha. Mikrosomu nazikoroga kwenye bafa yenye gliseroli asilimia 20.

Saa 9 alasiri. Kipimo cha EROD: CYP1A hugeuza etoksiresorufini kuwa resorufini, inayong'aa. Taa za juu nazizima, maana mwanga huiharibu. NADPH, molekuli inayokipa kimeng'enya elektroni, inaingia mwisho, na usomaji unaanza papo hapo: mwanga wa 530 nm kuingia, wa 590 kutoka. Mwongozo wa ini la panya husema nyuzi 37. Kwa samaki huyu usiufuate hata kidogo. Napima kwa nyuzi 4. Mmenyuko huenda polepole, basi nasoma kwa muda mrefu zaidi, huku nikifuta umande chini ya sahani ya kipimo, kwani hutawanya mwanga.

Saa 11 jioni. Napima protini kwa njia ya Bradford (rangi inayobadilika ikishika protini), kisha hesabu: pikomoli kwa dakika kwa miligramu ya protini. Kando ya kila namba naandika joto la kipimo na jinsia. Jike anayekaribia kutaga huwa na estrojeni nyingi inayoshusha CYP1A. Ukimchanganya na madume, maji machafu yataonekana safi.